Ulimi wa Bonde la Ukungu

Paukwa!

Pakawa!

Nyuma yako yuko nani?

Hakuna!

Haya. Sikilizeni bila kugeuka.

Hapo zamani za kale mto ulikauka. Likabaki ziwa moja, ng'ambo ya Bonde la Ukungu. Kiboko na Digidigi wakafunga safari. Bondeni hapakuota jani, basi wakabeba nyasi, na Kiboko akabeba buyu la maji. Desturi yao ilikuwa hii: mdogo ndiye mgawaji, na hugawa sawasawa. Digidigi akagawa. Fungu lako, fungu langu. Kiboko akapokea lake.

Wakaingia. Ukungu mweupe. Hakuna ndege, hakuna upepo. Kiboko, ti! ti! Digidigi, tipu tipu. Na nyuma yao, lap... lap...

"Mjomba, unasikia?"

"Nasikia, mpwa wangu. Twende."

Kila Kiboko alipokanyaga, ulimi baridi ulimlamba mgongoni, ukaondoka na mafuta yake. Digidigi naye alilambwa, lakini kidogo tu, kama umande.

Kiboko akala fungu lake, likaisha. Akahema. Akapunguza mwendo.

"Nikianguka hapa, kitu hiki kitanimaliza."

Digidigi akacheka. "Tumbo lako halina haya, mjomba! Njia ni moja, fungu ni sawa. Mbona mimi sichoki?"

"Basi nipokee hili buyu la maji. Mpaka kwenye lile jiwe."

Digidigi akalibeba. Hatua zake nazo zikalia ti! ti! Na nyuma yake, LAP! Mbavu zikapoa. LAP! Akajikwaa. Njaa ikamshika.

"Mjomba! Kinanila!"

"Kinalamba kwa kadiri ya uzito, mpwa wangu. Wewe umebeba buyu. Mimi nimebeba Kiboko mzima."

Digidigi hakucheka tena. Alitua buyu, akafungua nyasi zake, akamsogezea mjomba karibu zote. Kiboko akatafuna, akapata nguvu. Ti! Ti! Ti!

Ukungu ukapasuka. Ziwa!

Kiboko alikuwa amekonda. Ulimi ukamlamba mara ya mwisho, kidogo, taratibu, kama usiomtambua tena.

Wanangu, nanyi wakubwa mlio nao: hatua ile ile humla zaidi mwenye mwili mzito. Usimcheke anayehema, wala usimpimie chakula kwa tumbo lako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Inukeni mwende. Mkisikia lap, msiogope. Kila atembeaye hulambwa.