Habari za Ile Hita

Wapendwa, nawaona mlivyojikunja kwenye makoti na mablanketi, na mimi nimevaa sweta mbili ndani ya hii kanzu ya kichungaji, kwa hiyo sitawachelewesha. Leo nataka niwape habari ya mama mmoja. Msianze kuulizana ni wa kitongoji gani. Si wa hapa, nimemtunga mwenyewe jana nikiwa napasha miguu motoni. Ila ninavyowajua ninyi, kabla sijamaliza mtakuwa mmeshampata jirani wa kufanana naye.

Mama huyu alikuwa mjane. Aliishi kwenye nchi ya baridi kama yetu hii, baridi ile ya mwezi wa sita ambayo ukitoka asubuhi majani yote ni meupe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekuwa anafanya kazi mbali, huko kwenye miji ya joto. Kila binti akija likizo anamkuta mama yake ameinama kwenye mafiga anapuliza kuni apate maji ya kuoga, mikono imepasuka, macho mekundu kwa moshi. Ilimuuma sana. Akajinyima mwaka mzima, akamnunulia mama yake hita ya gesi.

Wengine hamjaiona, ngoja niwaeleze. Ni sanduku dogo linafungwa ukutani bafuni. Mtungi wa gesi unakaa nje. Ukifungua maji, moto unajiwasha wenyewe ndani ya lile sanduku, na maji yanapita pale yanatoka ya moto. Sasa juu ya sanduku kuna bomba la bati, linatoboa ukuta kwenda nje, la kutolea hewa chafu ya ule moto. Fundi alikuja akafunga vizuri, akajaribu, moto ukawaka wa bluu safi kabisa. Mama alilia. Majirani walikuja kuyagusa maji kwa vidole. Hata mchungaji aliitwa akaiombea hita, si mnajua tulivyo, hatuachi kitu bila kukiombea.

Miezi ikapita, mambo mazuri. Halafu siku moja mama akaona kwenye kile kidirisha cha sanduku, moto si wa bluu tena. Ni wa njano, unachezacheza, na ukutani juu yake kumeanza kushika masizi. Alipotoka kuoga, kichwa kikamgonga, miguu ikalegea, akakaa kitandani mpaka saa sita. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu alitoka bafuni akiwa ameshika ukuta.

Akafikiri nini? Akafikiri ni uzee. Akafikiri ni presha. Baadaye akagundua kwamba siku asiyooga kwa ile hita kichwa hakiumi. Basi akafanya kile ambacho wengi wetu hapa tungefanya. Akaiacha. Akarudi kwenye mafiga yake na sufuria yake nyeusi. Na ile hita? Kila Jumamosi aliipangusa kwa kitambaa kibichi ili ibaki inang'aa.

Kwa nini hakusema? Namwona Mama Chaula anatikisa kichwa, yeye anajua. Mtoto amejinyima mwaka mzima, amekuletea zawadi, kijiji kizima kimeisifia, halafu wewe umpigie simu umwambie zawadi yako inaniumiza kichwa? Utaanzia wapi? Ataona mama yake hana shukrani. Atahangaika kazini, ataomba ruhusa, watamfokea. Mama alimpenda mtoto wake, akaona amwachie furaha yake. Kwa hiyo binti akipiga simu kuuliza kama mama ameoga maji ya moto, mama anajibu ameoga. Wala hakudanganya. Maji yalikuwa ya moto kweli, ila ya kuni.

Hakujua kwamba kitu kile kinaua, nataka mlielewe hilo. Angejua angekivunja kwa shoka.

Binti naye hakuwa mzembe. Alipatana na fundi yule yule awe anapita mara moja kwa mwaka kuikagua. Kazi yenyewe si kubwa. Ni kufungua kifuniko, kutazama moto, kutoka nje kuchungulia lile bomba. Dakika kumi. Fundi akaja asubuhi moja, yuko kwenye pikipiki, helmeti kichwani, ana kazi nyingine ng'ambo ya mto na ameshachelewa. Akasimama pale uani, pikipiki inanguruma. Mama akatokeza mlangoni, mikono imejaa unga.

"Mama, habari za hita?"

"Nzuri tu, baba."

"Haina shida yoyote?"

Mama akautazama mlango wa bafu. Akamtazama fundi, akaona mguu wake uko tayari kwenye gia. "Haina," akasema. Fundi akashukuru, akaondoka. Alipofika mbele akampigia binti, akamwambia amepita nyumbani na hita ni nzuri. Alisema kile alichoambiwa.

Sasa tusimame hapa kidogo. Sisi ni watu gani sisi? Ukituuliza habari, tunajibu nzuri. Mtu ana maiti ndani, unapita kwake unamuuliza habari za hapa, anakwambia nzuri, ila tumefiwa. Si ndivyo? Msicheke, ndivyo tulivyo, na mimi naipenda hiyo adabu yetu. Nzuri inatangulia kwa heshima, halafu ila inakuja nyuma yake. Lakini ila haina haraka. Ila inataka mgeni akaribishwe ndani, apewe kiti, mzungumze kwanza habari za mvua, za viazi, za ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani, ndipo itoke. Ukiuliza ukaondoka, umeondoka na nzuri peke yake.

Mwezi wa sita binti akaja likizo. Alifika saa saba mchana, amesafiri siku mbili, ana vumbi mpaka kwenye kope, anatetemeka kwa ile baridi aliyokwisha kuisahau. Mama alikuwa jikoni. Na kule jikoni, wapendwa, kulikuwa na sufuria kubwa ya maji yanachemka, maji ya kuni, ambayo mama alijiwekea mwenyewe. Binti akaweka mzigo chini, akaanza kutafuta taulo kwenye begi, anaongea huku anacheka, anasema tangu asubuhi njia nzima alikuwa anaiwaza ile hita tu.

"Inafanya kazi vizuri, mama?"

Mama akaitazama sufuria. Angeweza kusema, mwanangu, oga haya, yako tayari. Ni maneno matano. Akamtazama mtoto wake, uso wake wote unafurahi. Akafikiri, kichwa kitamuuma kidogo tu, yeye ni kijana, hana presha. Labda hata hakitamuuma.

"Nzuri, mwanangu. Nenda ukaoge."

Binti akaingia bafuni, akafunga mlango, akafunga na kidirisha kwa sababu ya upepo. Mama akakaa kwenye kigoda anamenya viazi. Anasikia maji yanamwagika. Akafurahi, nawaambia ukweli, yule mama alifurahi kuliko siku zote za mwaka ule. Mtoto yuko nyumbani anaoga maji ya moto. Akamenya, akaosha, akainjika. Maji yanamwagika. Akasema moyoni, leo anafaidi. Viazi vikachemka, vikaanza kuiva, maji bado yanamwagika. Akaita mara ya kwanza kawaida tu. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu alikuwa ameshafika mlangoni anaupiga kwa viganja.

Majirani ndio walioubomoa ule mlango. Binti alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, kama mtu aliyepitiwa na usingizi, na maji ya moto yanammwagikia miguuni.

Daktari akaeleza ni hewa ya ule moto. Haina harufu, haina rangi. Moto ukikosa mahali pa kutolea pumzi, hewa ile inajaa chumbani, na mtu analegea bila kujua kwamba analegea. Mama alikuwa anaoga haraka haraka kama wazee wanavyooga, ndiyo maana yeye aliishia kuumwa kichwa. Binti alikaa sana. Alikuwa amechoka, na maji yalikuwa mazuri.

Siku ya nne baada ya mazishi, fundi akaja. Safari hii alikuja kwa miguu. Wanawake waliokuwa wamekaa na mfiwa walinyamaza wote alipopita. Akaingia bafuni, akafungua kifuniko, akakuta masizi yamejaa mpaka kwenye mdomo wa bomba. Akatoka nje, akaweka ngazi ukutani, akaingiza mkono kwenye lile bomba la bati. Akatoa konzi moja ya majani makavu na manyoya. Shomoro walikuwa wamejenga humo. Kitu cha kujaa kiganja, hivi, basi. Akasugua masizi kwa brashi, akafunga wavu kwenye mdomo wa bomba ili ndege wasiingie tena, akarudi ndani akafungua maji. Moto ukawaka wa bluu. Ile kazi yote ilimchukua dakika kumi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. Fundi alipouona ule moto wa bluu akashindwa, akakaa chini palepale sakafuni, akalia. Akasema kwa uchungu, si kwa kumlaumu, alisema tu kwa sababu alikuwa hajui aseme nini.

"Mama, mimi nilikuuliza. Kwa nini hukuniambia?"

Mama akaingia bafuni.

"Hukushuka kwenye pikipiki, baba," akasema.

Halafu akakaa naye pale sakafuni, yeye mfiwa, akamshika bega yule fundi. Akasema hamlaumu. Akasema, na mimi mwanangu aliniuliza yuko mbele yangu, amefika, hana haraka, na bado nikamjibu nzuri. Nilimficha maumivu ya kichwa, na sasa nimemzika.

Basi, wapendwa. Nani aliyemuua yule binti? Ni shomoro? Ni fundi aliyekuwa na haraka? Ni mama aliyempenda mno mtoto wake hata akashindwa kumwambia ukweli? Nimelala na swali hili. Ninachojua ni kwamba katika ile nyumba hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Wote walipendana, wote waliulizana habari, wote walijibiana vizuri, na mtoto akafa.

Na sisi je? Ni nyumba ngapi hapa ndani zina moto wa njano, na kila Jumamosi tunaupangusa ukuta wa nje ung'ae? Wewe baba, mke wako anakwambia nzuri kila siku jioni, umewahi kukaa naye mpaka ila ikatoka? Mzee Tweve, usiangalie dari, nasema na wewe pia. Wewe binti uliyetoka mjini, mwili umepungua, mama amekuuliza, umesema ni kazi tu. Wewe mama, unajua mwanao amebadilika tangu mwaka jana, ukiulizwa habari za watoto unasema wazima. Unaogopa kumsumbua nani? Hata mbele za Mungu tunafanya hivi hivi. Tunapiga magoti, tunasema asante kwa yote, amina, tunainuka tunapangusa magoti. Mungu anayajua yale masizi yaliyoko ndani, lakini anataka umfungulie kifuniko mwenyewe.

Na msidhani nawasema ninyi peke yenu. Mimi nasimama pale mlangoni kila Jumapili nawashika mikono. Habari za nyumbani, nzuri, habari za nyumbani, nzuri, na jicho langu limeshaenda kwa anayefuata. Mwezi wa tatu nilimshika mkono ndugu yetu mmoja wa usharika huu. Akasema nzuri, mchungaji. Halafu hakuuachia mkono wangu. Aliushikilia kidogo zaidi ya kawaida, nilihisi, naapa nilihisi. Nikauvuta. Kulikuwa na kikao cha wazee, walikuwa wananisubiri. Alhamisi ile mnakumbuka wote tulikuwa wapi, maana ninyi ndio mliochimba kaburi lake, kwenye mvua.

Sijawahi kuwaambia habari hii. Leo nimewaambia.

Kwaya, msiimbe kwanza. Kikao cha leo nimekifuta, na chai mkanywe bila mimi. Nashuka hapa madhabahuni nakuja kukaa huko chini, kwenye hii benchi. Anayetaka aje akae karibu nami. Nitamuuliza habari za nyumbani, na atanijibu nzuri, hilo nalijua. Nami nitaendelea kukaa.