Nani Aubebe Mzega wa Mkunga?

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema, ni hii ya juzi ya watu kusema sana, kulikuwa na kijiji kinaitwa Itundulu. Kijiji kilikuwa na pampu moja ya maji. Pampu ina kufuli moja, kufuli ina ufunguo mmoja. Mshika ufunguo akahama, ikabidi achaguliwe mwingine.

Wakajitokeza wawili. Wa kwanza Bibi Nyamizi, mkunga. Huyu alizalisha nusu ya kijiji, na mzazi haji kwa saa. Anaweza kuja alfajiri, anaweza kuja jua la utosi, na akija yanatakiwa maji. "Nipeni ufunguo," alisema Bibi Nyamizi. "Pampu itakuwa wazi kutwa nzima."

Wa pili Magoma, mfyatua matofali. Huyu hakuficha kitu. "Maji kwanza ni ya matofali yangu. Yakibaki, mtakunywa." Watu wakacheka, wakasema, "Angalau huyu ni mkweli."

Uchaguzi wa Itundulu ulikuwa wa kupanga mstari. Wagombea wanasimama uwanjani, wamewapa watu mgongo wasione nani kaja. Unayemtaka, unasimama nyuma yake. Filimbi ikilia, aliye kwenye mstari anahesabiwa, aliye nje hahesabiwi. Mistari ikilingana, kufuli inatupwa na pampu inabaki wazi kwa wote.

Sasa wasikieni watu watatu.

Mzee Kasanda alikuwa mtu wa maswali. Alimwendea Bibi Nyamizi, akamwuliza, "Pampu ikiharibika utafanyaje?"

"Sijui bado, baba. Nitamwuliza fundi."

Akamwendea Magoma. "Pampu ikiharibika utafanyaje?"

"Haiharibiki!"

Kasanda akarudi nyumbani, akakuna kichwa. Mmoja hajui, mwingine anajua mno. Akauliza tena, akakuna tena. Siku ya kura alikaa kibarazani kwake. Mkewe akamwambia, "Baba Masanja, watu wanapanga mstari!" Akajibu, "Waache wapange. Mimi sina uhakika."

Mama Kulwa, muuza vitumbua, yeye alikuwa na uhakika mpaka unamwagika. Mapacha wake, Kulwa na Doto, waliingia duniani mikononi mwa Bibi Nyamizi. Jirani akapita mbio. "Mama Kulwa, twende!"

"Niende wapi, na mafuta yako motoni? Nani amnyime kura Bibi Nyamizi? Ameshashinda huyo! Kura yangu moja ni chumvi ya kutia ziwani." Akageuza kitumbua.

Wa tatu Mihambo, kijana fundi baiskeli. Mihambo hakujua lolote. Hakujua nani anataka nini, hakuuliza. Alichojua ni kwamba asiyeonekana uwanjani atachekwa. Akaja, akasimama katikati. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"We Mihambo, uko wapi?" watu wakamzomea. "Au unagombea na wewe?"

"Niko na mshindi!"

"Mshindi nani?"

"Ndiyo nangoja nimwone."

Sasa, vijana wa Magoma walikuwa wametoka kazini na toroli zao. Kila mmoja alisimama na toroli mbele yake. Mtu, toroli. Mtu, toroli. Mstari ukafika mpaka zizini kwa watu. Mstari wa Bibi Nyamizi ulikuwa wa akina mama waliobanana, tumbo kwa mgongo, ukaonekana kama kamba iliyokatika. Mwenyekiti akainua filimbi. Mihambo akaona mstari mrefu, akarukia mkiani, nyuma ya toroli ya mwisho. Filimbi ikalia.

Wakahesabu watu, toroli hazihesabiwi. Bibi Nyamizi, ishirini. Magoma, ishirini na mmoja.

Tangu siku ile pampu ikafunguliwa alfajiri kwa matofali, kisha kufuli. Bibi Nyamizi akawa anateremka mtoni na magoti yake mabovu, mzega begani, ndoo mbele, ndoo nyuma. Siku moja, mzazi akimngoja, akaanguka. Aliporudi na maji nusu ndoo, mtoto alikuwa ameshazaliwa na mama yake amelala kwenye damu yake. Walipona wote wawili, lakini kwa kudra tu.

Kijiji kikakasirika, mkutano ukaitwa. Mwenyekiti akasema, "Mmoja kati ya hawa watatu angefanya kinyume, mistari ingelingana au bibi angeshinda, pampu ingekuwa wazi. Basi wambebee mkunga maji, wote watatu."

Bibi Nyamizi akakataa. "Watatu siwataki. Wakiwa watatu, kila mmoja atasema mwenzake ameshaleta. Nipeni mmoja, na awe aliyekosa zaidi."

Kasanda akasimama. "Mimi nimekosa nini? Sikujua, nikanyamaza. Asiyejua dawa asimnyweshe mgonjwa. Huyu Mihambo hakujua, na akanywesha!"

Mama Kulwa akadakia, "Na mimi je? Sikumdhuru mtu. Moyo wangu ulikuwa kwa bibi yangu huyu. Kosa langu ni kudhani Itundulu kuna watu wenye akili!"

"Moyo wako ulikuwa kwa bibi, mwili ukawa kwa vitumbua," Mihambo akamjibu. Watu wakaangua kicheko. "Nyie wazee mnanionea. Mimi nilikuja! Nilisimama juani! Mzee Kasanda alikuwa na maswali yote, hakunipa hata moja. Mama Kulwa alikuwa na jibu, kakaa nalo jikoni. Mngekuja nyie wawili mkasimama kwa bibi, mimi mmoja ningewashinda?"

 

Nanyi wasikilizaji, msiniambie aliyekosa ni Magoma. Magoma alisema wazi tangu mwanzo, na waliompa kura ishirini za mwanzo walitaka matofali, wakayapata.

Mkutano haujaisha, mara wakaletewa mwanamke kwenye machela, uchungu umemshika. Bibi Nyamizi akainuka, akautwaa mzega wenye ndoo mbili tupu, akautua katikati ya wale watatu. Akaingia nyumba ya jirani alikopelekwa mzazi.

Haya, semeni ninyi mlionisikiliza, na semeni upesi, maji yanangojwa. Kasanda alikaa nyumbani kwa kuwa hajui. Mama Kulwa alikaa nyumbani kwa kuwa anajua. Mihambo alikwenda bila kujua. Je, nani alistahili kuuinua ule mzega?