Jiko la Mishkaki Lililovuja Gizani

Geti lilikwaruza usiku wa manane, nikajua tu ni Mzee Kibwana, mwenye nyumba, maana mchana alishasema: "Mama Tunu, kilichoko uani kwangu ni changu." Jiko langu la gesi lililokaa pale uani nililinunua bovu mnadani, nikalisugua kutu, nikabadili mpira, na mishkaki yake ndiyo iliyomlisha mwanangu. Nikachungulia dirishani. Akainama alibebe, sigara mdomoni, mara ssss ikasikika.

"Shikamoo mzee. Gesi inavuja, na wewe una moto mdomoni."

"Njoo ulifunge jiko lako!"

"Langu tena? Si ulisema lako?"

Alikimbia, akaacha kandambili.

Asubuhi alinisihi nisimwambie mtu, nikaapa. Mtungi wa gesi usiku ule ulilala chini ya kitanda changu, ile ssss niliipuliza mwenyewe kwa mdomo. Nimekwambia wewe tu, mwingine simwambii.