Kifurushi cha Ma Kokushubira

"Kahawa iliyopotea njia hurudi na mgeni." Ndivyo alivyosema mzee wa ghala asubuhi hii, aliposikia kwamba Alistidia amelielekeza lori la magunia matupu kwenye kijiji kisicho chetu. Nyote mkacheka, Alistidia akainama, kisha mkanigeukia mimi kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni hapo sakafuni basi, maana bila magunia hatuna kazi. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kyamulisa, na ilianza hivi.

Zamani kidogo kahawa yetu ilikuwa haina jina. Tuliichuma, tukaianika na maganda yake kwenye majamvi, tukaipeleka mjini, na huko ikamwagwa pamoja na ya vilima vingine vyote. Mimi nimebeba magunia Mwanza, Dar es Salaam na Mombasa; nimeyaona yakiingia melini. Yaliandikwa jina la nchi, basi. Mtu wa Ujerumani au Japani anakunywa jasho la Kyamulisa, lakini ukimuuliza Kyamulisa ni nini, atadhani ni dawa ya kikohozi.

Ndipo akatokea mnunuzi mmoja, Livio, mtu wa Trieste, mji wa bandari kule Italia ambako hushuka kahawa za dunia nzima. Aliwaambia viongozi wa chama chetu cha wakulima kwamba anatafuta kahawa ya kilima kimoja, isiyochanganywa. Tumpelekee kiasi kidogo na maganda yake, kama inavyotoka juani. Ikimpendeza atachukua mavuno yote, na magunia yatapigwa chapa ya Kyamulisa.

Mwenyekiti wa chama wakati ule alikuwa Ta Rwehumbiza, mtu wa makuu kidogo. Kofia yake aliivua kanisani tu, na hata huko kwa shingo upande. Katibu alipotaka kuitia kahawa ile kwenye mfuko wa nailoni, mwenyekiti akakataa katakata. Akasema mtu mzito hatumiwi kitu kwenye nailoni kama dagaa. Kahawa hii ifungwe kama ya mgeni.

Sasa, kahawa ya mgeni mnaijua, ingawa siku hizi mnakimbilia soda. Ni ile ya kutafuna. Huchumwa ingali mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, ikafungwa kwa ganda kavu la mgomba. Mgeni akiingia nyumbani, kabla hajaulizwa habari yoyote, anapewa punje atafune. Kuikataa ni kuitukana nyumba. Kuitema, afadhali usingekuja.

Fundi wa kufunga alikuwa mjane mmoja, Ma Kokushubira. Ganda la mgomba lilimtii. Kifurushi chake ungekigeuza huku na huku usijue pa kuanzia kukifungua. Akapewa kahawa ya Trieste, akaifunga kwa utaratibu wake, siku ikaisha. Kesho yake akafunga na nyingine, ya kutafuna, kwa sababu wiki ile walikuwa wanakuja watu kumposa mjukuu wake Editha. Mnaona tunakokwenda. Kahawa ya kutafuna ikishakauka, ukiiweka karibu na kahawa ya maganda, kwa macho ni mapacha. Vifurushi viwili vya mkono mmoja vikalala kapu moja. Dereva wa chama akaja anapiga honi, Ma Kokushubira akainua kimoja, akakiombea safari njema, akakabidhi.

Waposaji wakafika, wakiongozwa na mshenga wao Ta Mushumbusi, mzee wa maneno mengi na meno machache. Mwenyekiti naye alikuwapo kama jirani. Kifurushi kikafunguliwa, wageni wakatia punje mdomoni. Kwa kawaida hapo harufu ya majani hujaa chumba. Siku ile ilisikika sauti ya kokoto tu. Ilikuwa kahawa kavu, ngumu, ambayo haijawahi kuona chungu. Lakini nani ateme ukweni? Wakaendelea kutafuna huku machozi yakiwalenga, wakisifu paa na madirisha. Mwisho Ta Mushumbusi akashika shavu.

"Ma," akasema taratibu, "kama binti hamtoi, semeni tu, waitu, ndugu zetu. Meno yangu hayakuja kuposa."

Ma Kokushubira akachukua punje, akaiuma, akaganda. Halafu akaketi chini, akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

"Nisameheni, waitu. Kahawa yenu imepanda ndege. Imekwenda Ulaya."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, wageni kwa wenyeji, na posa ikakubaliwa palepale, maana watu waliotafuna kokoto kwa adabu unaweza kuwapa binti. Ta Rwehumbiza peke yake ndiye hakucheka. Alitoka nje, kofia mkononi. Tulipokiona kipara chake tukajua jambo ni zito.

Katibu akapiga simu Trieste. Akaambiwa Livio yuko safarini, mara Brazil, mara Vietnam, anaonja kahawa za watu. Tukakaa na aibu yetu. Habari ikavuka vilima. Tukienda gulioni, jirani zetu wanatuuliza kama Wazungu wameshamaliza kutafuna, au tuwapelekee na maji ya kusukutua. Tukaanza kuzoea kwamba jina letu halitapanda meli.

Kisha, katikati ya mavuno, gari likapanda kilima, akashuka Livio mwenyewe. Alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi akinunua kahawa, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Ta Rwehumbiza akamwahi na hotuba kuhusu mvua za mwaka ule, na joto, na jinsi kahawa inavyoweza kubadilika njiani. Ma Kokushubira alikuwa uani anageuza kahawa juani. Akaacha kazi yake, akaja.

"Mwenyekiti, iache mvua ipumzike," akasema. "Mgeni, kosa ni langu. Nilikutumia kahawa ya wakwe, wakwe nikawapa yako."

"Ya wakwe ndiyo kahawa gani?"

"Ya kutafuna. Wewe uliifanyaje?"

"Niliikaanga, mama. Jengo zima likanuka kama kwa mganga. Nikaisaga, nikainywa. Nimeonja za Brazil, za Vietnam, za Ethiopia, za Uganda. Sijapata kunywa kitu kibaya namna ile."

Ta Rwehumbiza akavua kofia.

"Sasa mbona umekuja?" akauliza Ma Kokushubira.

Livio akatoa mfukoni lile ganda la mgomba. Mikunjo yote ilikuwa bado imo.

"Kwa hili. Nilishindwa kulitupa. Kila nikilitazama nasema, hakuna mtu anayefunga takataka kwa heshima hii. Nikataka niwaone watu wenyewe. Ingekuja ile nyingine, ningeionja mezani pamoja na za wengine, nikajibu ndiyo au hapana, nikabaki kwetu."

Ma Kokushubira aliingia ndani, akarudi na kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile yenyewe safari hii. Livio akatia punje mdomoni. Sote tukalikodolea macho shavu lake. Harufu ya majani ikatoka, akatafuna polepole kama mzaliwa wa hapa, halafu akanyoosha mkono kuomba nyingine. Hapo ndipo tulipopumua.

Akakaa kwetu. Akazunguka mashamba, akapinda mgongo kuchuma zilizoiva pamoja nasi, akanywa kahawa yetu ya kweli iliyokaangwa mbele yake. Akasema hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta nchi zote. Msimu ule magunia yakateremka kilima yana chapa ya Kyamulisa ubavuni, na Ta Rwehumbiza akayapungia kofia mpaka mkono ukachoka.

Arusi ya Editha ilimkuta Livio angali hapa. Walimketisha karibu na Ta Mushumbusi, wote wawili wanatafuna. Mzee alipopewa nafasi ya kusema, akainuka.

"Mimi niliyeacha jino nyumba hii nina haki ya kusema," akaanza. "Kama kila kifurushi kingefika kilikokusudiwa, huyu angekuwa kwao, na mimi ningekuwa na jino langu. Lakini ngoma isingenoga hivi. Kahawa iliyopotea njia hurudi na mgeni."

Watu wakaibeba, ikavuka vilima, na jirani zetu waliotucheka sasa wanaisema kama ya kwao.

Ila msiifanye ruhusa ya kuzembea. Kahawa ile ingekwenda ndani ya nailoni, ingeishia jalalani Trieste. Na Ma Kokushubira angemwacha mwenyekiti aendelee na mvua zake, yule mgeni angegeuza gari. Wewe Alistidia lori umelipoteza, lakini simu ya kulirudisha umepiga mwenyewe na kosa umelitaja.

Haya, nasikia honi bondeni, na watu wanaimba ndani ya lori letu. Sijui ni akina nani na wamefuata nini. Inuka ulete kikapu cha kahawa ya kutafuna, na uionje kwanza. Kahawa iliyopotea njia hurudi na mgeni.