Ngoma Zilizonyamazishwa kwa Ajili ya Mlembe

Hapo zamani, huko kwenye misitu ya warina asali, mtoto wa mama mmoja, Nyamizi, alipotea. Aliitwa Kashinje, umri wake miaka sita. Desturi ya kwao mtu akipotea ni kupiga ngoma pale kijijini bila kupumzika, ili aifuate sauti arudi. Ngoma zikapigwa kutwa, Kashinje hakutokea.

Kulipokucha wakaja ndugu watatu, Lugeye, Sita na Mahona, wanaomjua mlembe, yule ndege anayewaongoza watu hadi kwenye asali.

Lugeye akasema, "Mama, mimi nazijua sauti zake zote saba kama wewe unavyoyajua maneno ya kwenu."

Sita akasema, "Mimi najua anavyozipanga. Sauti fupi ikitangulia, kitu kiko karibu. Ikija mwisho, kiko mbali. Anaunda sentensi kama sisi."

Mahona akasema, "Mimi nampigia mluzi anaitika. Ila anataka kimya."

Wapiga ngoma wakasita kuziacha ngoma zao. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyewafokea: "Acheni! Mnataka mwanangu afe?"

Basi ngoma zikanyamaza. Lugeye akachagua sauti, Sita akazipanga, Mahona akapiga mluzi: mtoto yuko wapi? Mlembe akaja, akaimba, sauti fupi mwishoni. Yuko mbali, lakini yupo! Nyamizi akalia kwa furaha. Wakamfuata ndege mti kwa mti hadi alasiri, akatua.

Palikuwa na asali. Asali tu.

Kashinje alikutwa kesho yake nyuma ya mashamba, kafa kwa kiu. Nyayo zake zilikuja moja kwa moja kuelekea kwenye ngoma. Halafu zikaanza kuzunguka, zikazunguka, zikazunguka.

Lugeye akasema, "Sauti zangu zilikuwa za kweli."

Sita akasema, "Mpangilio haukuwa na kosa. Si alijibu?"

Mahona akasema, "Nilimwita, akaja."

"Mlijua anavyosema," Nyamizi akawaambia. "Hamkujua kama ana lolote la kusema zaidi ya asali."  Papo hapo akaikumbuka sauti yake mwenyewe ikiwafokea wapiga ngoma, akatamani ardhi immeze.

Na mlembe yuko palepale tawini, anangoja sega ambalo warina asali humwachia siku zote. Yeye hakumdanganya mtu.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msiinamishe vichwa. Mwenye sauti, mwenye mpangilio, mwenye mluzi, na mama aliyenyamazisha ngoma: je, nani alimuua Kashinje?