Pimbi na Mwenyekiti wa Milele

Hapo zamani za kale, tena msinikatize, nilikuwepo! Nimeyaona kwa macho haya mawili, na la tatu nililoazima kwa bundi. Jua la siku hiyo lilikuwa kali mpaka mawe yanajipepea. Anayebisha ainuke, aende kwao akalale.

Wanyama wa bonde lile walikuwa na programu ya kompyuta. Waliitengeneza wenyewe kwa kujitolea, bila mshahara, bila hata chai. Jina lake Maji Wapi. Kiangazi kikibana unaiuliza, nayo inakuonyesha bwawa lililobaki. Ikizimika, kengele inalia ngriii! na mwenye zamu anaamka kuiwasha. Zamu hiyo hakuna aliyeipenda.

Fundi wao alikuwa Pimbi, yule mdogo wa kwenye majabali, ukimfunika kwa sufuria humwoni tena. Lakini programu ikikwama, vidole vyake chaka chaka chaka, imepona!

Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Mnene huyo! Kichwa kikifika mkutanoni Jumatatu, mkia unafika Jumatano. Zamu ya kengele alijisamehe, eti usingizi wake ni mali ya bonde zima.

Sheria zao nilizijua zote, nikasahau nusu. Mwenyekiti anachaguliwa kila vuli. Mwenye kura ni yule ambaye kazi yake kwenye programu imepokelewa na mwenyekiti mwaka huo. Na pendekezo likibandikwa ubaoni siku tatu bila mwenye kura kulipinga, limepita. Akipinga hata mmoja, limekufa, na hakuna kurudisha maneno mdomoni. Hiyo ya mwisho aliitunga Kiboko mwenyewe, maana alijua wenzake hawasomi ubao.

Basi kiangazi kimoja Pimbi anapita pale ubaoni, akasoma: "Kiboko awe mwenyekiti wa milele. Uchaguzi ufutwe. Bwawa la Kiboko liondolewe kwenye Maji Wapi."

Lahaula! Kesho jua likizama, limepita!

Moyo ukamwenda du! du! du! Bwawa lile ndilo pekee lililokuwa na maji. Watoto wake walishaanza kulamba umande kwenye majani. Likifutwa, wataambiwa maji hakuna, na Kiboko ataoga peke yake.

Akatoka mbio mpaka kwa Nyati. "Shemeji Nyati, kapinge! Una kura!"

"Na wewe je?"

"Kazi zangu zote Kiboko amezikalia. Kila siku, 'Nitazipokea kesho, Pimbi.' Mwaka umekatika, kura sina."

Nyati akajikuna pembe. "Pole, shemeji. Meno ya yule bwana umeyaona? Kama michi ya kutwangia. Mimi leo naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Bado sijachagua."

Pimbi akamwendea Twiga, katibu. Akaita kwa sauti yote, maana masikio ya Twiga yako jirani na mwezi. "Dada Twigaaa! Asiye na kura anaruhusiwa nini?"

"Kuongeza neno tu, mdogo wangu. Mimi mwenyewe katibu, kupinga siruhusiwi. Lakini yeyote anaweza kuongeza neno kwenye pendekezo. Kiboko aliiweka hiyo ili tumwongezee sifa."

"Na neno likiongezwa?"

"Linakuwa kitu kimoja na pendekezo. Ukilikataa neno, umelikataa lote."

Pimbi akacheka kwekwekwe mpaka akadondoka kutoka jiweni.

Kesho yake mchana, wanyama wote wakakusanyika bwawani. Kiboko kajilaza, anapunga masikio.

"Mheshimiwa," Pimbi akasema, "nimekuja kukuongezea!"

"Heee! Hata kiroboto ananipenda! Ongeza, mwanangu, ongeza!"

"Kwa kuwa Kiboko ni mwenyekiti wa milele..."

"Milele!"

"Na ana nguvu kuliko sisi wote..."

"Kuliko wote! Katibu, andika hiyo kwa herufi nene!"

"Basi kengele nayo aishike yeye. Milele."

Twiga akaandika, akabandika. Kiboko akafumbua jicho moja. "Kengele gani?"

Ngriiii!

"Hiyo," Pimbi akasema, kidole amekificha nyuma, kwenye kitufe cha kuizimia. "Programu imezimika. Wahi, Mheshimiwa, ujizoeze kabla jua halijazama."

Kiboko akajizoa matopeni, puu, puu, puu, akaiwasha, akarudi majini, chubwi! Hata kope hazijagusana, ngriiii!

"Tena?"

"Tena. Na ukiwa unakula. Na ukiwa unaoga. Siku ukioa, bi harusi atangoja."

Ngriiii!

Nyati akasahau ugonjwa wake. "Shemeji Kiboko, mbona hukimbii? Milele ndiyo kwanza imeanza!"

Hapo Kiboko akalipuka. "NAPINGA! Napinga kengele! Napinga!"

Mngurumo ule, wanangu! Nyani wakadondoka mitini kama embe. Bwawa likaruka juu, likazungukazunguka, likarudi mahali pake. Mimi kofia yangu mpaka leo sijaiona.

Twiga akainamisha shingo taratibu. "Imeandikwa, Bwana Mwenyekiti. Mwenye kura amepinga. Pendekezo limekufa."

"Nimepinga kengele tu!"

"Kengele imo ndani ya pendekezo."

"Basi narudisha!"

"Hakuna kurudisha maneno mdomoni. Sheria yako hiyo, Bwana."

Vuli ikaja, uchaguzi ukafanyika. Wote wakapiga kelele, "Pimbi! Pimbi!" Pimbi akakataa. "Mwaka huu sina kura, siwezi kugombea. Sheria ni sheria." Wakamchagua Twiga. Kiboko alipata kura moja, na mpigaji alikuwa anajulikana. Kazi za Pimbi zikapokelewa siku hiyohiyo, bwawa likabaki kwenye Maji Wapi, watoto wake wakanywa mpaka matumbo ndi! Na Kiboko akapangiwa zamu ya kengele kama kila mtu.

Funzo ni hili: ukitunga sheria ya kuwabana wenzako, jua na wewe unaishi humohumo.

Haya, nyanyukeni. Ila ngojeni, kitu kimoja kinanikereketa. Ule mngurumo niliutunga. Nyani hawakudondoka, na kofia sijawahi kuwa nayo. Kiboko alinong'ona tu, "Napinga," kidogo kama mbu anayeomba radhi. Lakini Twiga alisikia, na sheria haikuuliza ukubwa wa sauti.