Kitabu Kilichomfungua Nakundwa Kinywa

Hapo zamani, si zamani ya mababu, zamani ya juzi tu, katika kijiji kimoja cha milimani Upare, aliishi mtoto wa kike aitwaye Nakundwa. Alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza, na alikuwa msemaji kwelikweli. Alisema na kuku, alisema na masufuria, alisema hata usingizini.

Mama yake akajifungua mtoto wa kiume, Togolai. Kila mgeni aliyeingia alimbeba Togolai. Siku moja Nakundwa alishikwa na hasira, akapiga kelele: "Simtaki! Arudi alikotoka!"

Wiki ileile Togolai alipata homa ya mapafu, akafa.

Tangu mazishi, Nakundwa hakusema tena. Wakampeleka hospitali: masikio mazima, koo zima. Wakambembeleza, kimya. Wakampa pipi, kimya. Baba yake, Mchome, naye alinyamaza kwa namna yake. Jina la Togolai halikutajwa tena nyumbani mwake.

Mwalimu wake wa chekechea, Nietiwe, ndiye aliyeona jambo. Kila watoto walipogombana na mmoja akasema "Sikutaki", Nakundwa aliziba mdomo wake kwa mikono miwili. Mwalimu akaenda kwa mama.

"Mama Nakundwa, mtoto huyu aliwahi kumkasirikia mdogo wake?"

Mama akakumbuka, akajishika kichwa. "Masikini mwanangu! Anadhani ni yeye! Ngoja nimwambie si kweli."

"Nimejaribu kumgusia habari za mdogo wake, akakimbia. Tumpe kwanza hadithi ya mtoto mwingine."

Mwalimu akaandika hadithi fupi. Ndani yake, msichana mmoja alilichukia daraja, kwa kuwa dada yake alilivuka kila asubuhi akamwacha. Akalipigia kelele: "Vunjika!" Mvua ikanyesha, mto ukafurika, daraja likavunjika. Msichana akajificha, akiamini hasira yake ndiyo iliyolivunja.

Hadithi hiyo akaipeleka kwa Mrutu, fundi aliyechora vibao vya vinyozi na mabucha. Mrutu akaisoma, akakuna kidevu. "Mwalimu, asiyejua kusoma ataionaje hasira? Ina sura gani?"

Akaichora kama moshi mwekundu utokao kinywani mwa msichana. Tena akaongeza ukurasa mmoja usio na neno hata moja. Juu, moshi unapita daraja bila kuligusa. Chini, maji yanang'oa nguzo.

Kurasa zikashonwa kitabu, baba akapewa akisome. Kila jioni Mchome alimpakata mwanawe, akasoma. Kila alipofika kwenye maji yale, alifunua haraka. Jioni moja Nakundwa akaweka kiganja juu ya ukurasa, akaukandamiza. Mchome akavuta, mtoto akakataa. Basi akayatazama maji, na machozi yakamtoka mbele ya mwanawe.

"Togolai," akasema. "Namkumbuka Togolai wangu."

Nakundwa akamtazama sana. Kisha akaweka kidole kwenye moshi.

"Baba, huu haukuvunja?"

"Haukuvunja, mwanangu. Ni maji."

"Na mimi sikumvunja Togolai?"

"Hukumvunja. Ni homa."

Wakalia pamoja, na mama akatoka jikoni mbio kwa kuisikia sauti aliyokuwa ameikosa. Tangu siku hiyo kuku na masufuria wakapata tena mtu wa kusema nao.

Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wa kike. Mama akawaita wote, akasema, "Aliyemrudishia Nakundwa sauti ndiye atakayempa huyu jina."

Nietiwe akasema, "Ni mimi. Ninyi nyote mlimtazama mdomo, mimi nikaitazama mikono. Bila hivyo, kitabu kingetoka wapi?"

Mrutu akasema, "Ni mimi. Maneno yako, mwalimu, yalisomwa jioni nyingi na mtoto akabaki kimya. Ukurasa alioung'ang'ania hauna neno."

Mchome akasema, "Ni mimi. Kitabu kilikaa mapajani mwangu bila kumfungua mtu, mpaka nilipotaja jina lililonishinda. Mtoto hakuthubutu kulia hadi alipomwona baba yake akilia."

"Lakini shemeji," Nietiwe akamkatiza, "si wewe uliyekuwa ukiuficha ukurasa ule? Ungeuacha wazi, pengine angesema mapema."

Mchome akainamisha kichwa. "Kweli. Ila hakuna kati yenu aliyemzika mwanawe."

Nakundwa, aliyekuwa amemshika mdogo wake mguu, akainua uso.

"Na mimi je? Niliogopa kuuliza, lakini niliuliza. Baba angesema ni mimi, ningefanyaje? Jina ninalo tayari."

Mama akawatazama mmoja mmoja. Kila aliyemtazama alimwona ana haki.

Haya, ninyi mlionisikiliza: mtoto huyo hapo, mapajani mwa mama yake, anapiga miayo, hana jina. Je, nani anastahili kumpa?